Kama Mungu amekwisha kukusudia yote, mimi nachagua nini?

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeisoma polepole, maana swali liko juu na kidonda kiko chini.

Umeuliza hivi: kama Mungu alijua na kukusudia mambo yote kabla hujazaliwa, kuchagua kwako kuna ukweli gani? Na kama hakukusudia, atakuwaje Mungu? Ukaongeza habari za Yuda: je, angeweza kuvikataa vile vipande thelathini vya fedha? Kisha mwishoni, kwa mistari mitatu tu, ukaandika kwamba kaka yako ameiacha imani, na mzee wa kanisa uliyemwendea kwa ushauri alikujibu, "Huenda hakuteuliwa na Mungu apate kuokolewa. Usijichoshe." Tangu siku hiyo hujaweza kumwombea. Unaona ni kama kubisha hodi kwenye mlango uliokwisha kupigiliwa misumari. Unataka pia kujua umjibu nini huyo mzee.

Nitayajibu yote, ila ujue tangu mwanzo kwamba naandika nikiiangalia ile mistari mitatu. Nimefundisha somo hili la mapenzi ya Mungu na hiari ya mtu kwa miaka mingi, na walioletwa kwangu na udadisi mtupu ni wachache. Wengi huletwa na msiba, au na mtu wanayempenda.

Kosa kubwa hufanyika kabla swali lenyewe halijaulizwa. Tunamwona Mungu na mtu kama watu wawili wanaovutana kamba: hatua anayoipata huyu, yule ameipoteza. Basi tunaanza kugawana. Katika wokovu wangu sehemu ya Mungu ni kiasi gani, na yangu ni kiasi gani? Mwenye wivu kwa ajili ya utukufu wa Mungu hupunguza fungu la mtu mpaka libaki si kitu. Mwenye uchungu wa haki hupunguza fungu la Mungu ili mtu apate nafasi ya kuwajibika. Hawa wawili hubishana usiku kucha, lakini kamba wanayoishika ni moja, na kamba hiyo haimo katika Maandiko. Muumba na kiumbe wake hawagombei nafasi moja. Mimi naamini kwamba pale Mungu anapotenda kwa nguvu zaidi ndani ya mtu, ndipo hiari ya mtu huyo inapokuwa hiari kwelikweli. Najua hilo ni neno zito, kwa hiyo sitaki ulichukue kwa kuniamini tu.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma chini ya akida aitwaye Yulio. Dhoruba imewapiga siku nyingi bila kuona jua wala nyota, na tumaini la kuokoka limekwisha kuwatoka. Malaika anamjia Paulo usiku na kumwambia kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye. Paulo anawatangazia wenzake: hakuna hata mmoja wenu atakayepotea, ila merikebu tu. Neno hilo halina sharti. Watu waliomo ni 276, na wote wameahidiwa uhai.

Usiku wa 14 unafika. Mabaharia wanahisi nchi iko karibu. Wanatupa bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kina, wanapata pima 20. Wanakwenda mbele kidogo, wanatupa tena, pima 15. Wanaogopa kupanda mwambani, kwa hiyo wanatia nanga nne za tezi, upande wa nyuma, na kuomba kupambazuke. Kisha wanaishusha mashua baharini, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, upande wa mbele, kumbe wanatoroka. Paulo anawaona. Anamwambia akida na askari: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Askari wanazikata kamba za mashua na kuiacha ianguke.

Hebu kaa hapo kidogo. Aliyetangaza kwamba hakuna atakayepotea ndiye huyohuyo anayesema "hamtaweza kuokoka". Kama Mungu na mtu wanavutana kamba, basi mojawapo ya maneno hayo mawili si la kweli: ama ahadi haikuwa na hakika, ama onyo lilikuwa maigizo. Lakini msimulizi, anayesema "sisi" kwa sababu naye alikuwamo humo merikebuni, haoni tatizo lolote. Mungu aliyekusudia wafike pwani alikusudia pia wafike kwa ujuzi wa mabaharia, kwa jicho la mfungwa aliyekuwa macho usiku, na kwa visu vya askari. Hakuna aliyeshikwa mkono. Yule askari aliyekata kamba aliikata kwa hofu yake na akili yake. Baadaye merikebu inapasuka, askari wanataka kuwaua wafungwa wasije wakatoroka, na akida anawazuia kwa kuwa anataka kumwokoa Paulo, yaani kwa sababu yake mwenyewe. Wanaojua kuogelea wanajitosa kwanza, wengine wanafuata juu ya mbao na vipande vya merikebu. Wote 276 wanafika nchi kavu.

Kwa hiyo ukiniuliza kusudi la Mungu liko wapi katika hadithi hiyo, siwezi kukuonyesha kando ya matendo ya watu. Limo ndani yake. Ahadi haikumfanya Paulo aende kulala. Ndiyo iliyompa ujasiri wa kupiga kelele.

Sasa nirudi kwenye maneno uliyoyatumia, maana umesema "alijua na kukusudia" kana kwamba ni kitu kimoja. Wakristo wengi hukimbilia kujua: Mungu anajua tu, hasababishi, basi mambo yamekwisha. Jibu hilo lina uzee na heshima yake. Boethius, aliyekuwa afisa mkubwa wa serikali huko Italia, aliliandika kifungoni akingoja kuuawa, mnamo mwaka 524. Alisema Mungu hachungulii mbele kama mtu aliyesimama mwanzoni mwa barabara, kwa kuwa hayumo ndani ya mwendo wa wakati. Kwake mambo yote yapo pamoja, katika sasa isiyopita. Nawe ukimwona mtu anatembea, kuona kwako hakumtembezi.

Nalipenda jibu hilo. Linaondoa hofu moja kabisa: kujua peke yake hakumlazimishi mtu. Lakini usilikubali kuwa jibu zima, kwa sababu Maandiko yanadai zaidi. Siku ya Pentekoste Petro hakusema kwamba Mungu aliuona msalaba ukija. Alisema Yesu alitolewa "kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na kwa kujua kwake tangu zamani", na kabla hajavuta pumzi akaendelea, "ninyi mkamsulibisha kwa mikono ya watu wabaya". Shauri la Mungu na hatia ya watu katika sentensi moja, bila kuombana radhi. Waliomsikia nao hawakujitetea wakisema kama ilikusudiwa, sisi tuna kosa gani. Walichomwa mioyo, wakauliza, "Tutendeje?"

Kuna habari nyingine, fupi, ambayo wasomaji wengi huipita. Katika 1 Samweli 23 Daudi yuko katika mji wa Keila, na anamuuliza Bwana: Je, Sauli atashuka? Atashuka. Watu wa Keila watanitia mkononi mwake? Watakutia. Daudi anaondoka na watu wake, Sauli anapata habari, anaacha kushuka. Mungu alijua jambo ambalo halikutokea kamwe: lile ambalo watu wangelitenda kwa hiari yao kama Daudi angebaki. Luis de Molina, mtawa Mjesuiti wa Hispania, alijenga fundisho zima juu ya ujuzi wa namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1588. Simfuati mpaka mwisho, lakini Keila inaonyesha kwamba Mungu kuyajua maamuzi yetu si sawa na kuyafunga. Daudi aliambiwa ukweli, na ukweli huo ndio uliomfungulia njia ya kutoka.

Haya, hiari yenyewe ni nini? Hapa ndipo ninapotaka utumie muda, kwa sababu nadhani unaogopa kupoteza kitu ambacho hujawahi kuwa nacho. Watu wa siku hizi wakisema hiari wana maana ya uwezo wa kwenda huku au kule bila kuvutwa na chochote. Kama hiyo ndiyo hiari, Mungu mwenyewe hana, maana Paulo anamwandikia Tito kwamba Mungu hawezi kusema uongo. Na watakatifu mbinguni watakuwa wameipoteza, kwa kuwa hawataweza tena kutenda dhambi. Hakuna Mkristo anayeamini kwamba mbinguni ni gereza. Kwa hiyo hiari lazima iwe kitu kingine: kutenda kwa moyo wako mwenyewe, ukijua, ukitaka, bila kusukumwa kutoka nje. Kadiri unavyoyataka mema bila kugawanyika, ndivyo ulivyo huru zaidi.

Shida yetu ni kwamba kutaka kwenyewe kumeugua. Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliliona hili kwa karibu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alisema roho ikiuamuru mkono usogee, mkono unasogea mara moja, hata huwezi kutenganisha amri na utii. Lakini roho ikijiamuru yenyewe itake, inagoma. Lijaribu jambo hilo mwenyewe sasa hivi. Uamuru mkono wako ufungue kiganja: umefunguka. Kisha uamuru moyo wako umpende yule aliyekudhulumu. Hakuna aliyekufunga kamba, hakuna mlinzi mlangoni, na bado hujaweza. Huo ndio utumwa ambao Biblia inausema. Hauna pingu za nje. Mtu anafanya anachokitaka, ila hawezi kujipa kutaka kipya.

Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini Yesu anasema hakuna awezaye kuja kwake "asipovutwa na Baba", na wakati huohuo analia juu ya Yerusalemu akisema alitaka kuwakusanya, "lakini hamkutaka". Kutovutwa si mlango uliofungwa mbele ya mtu anayelia aingie. Ni mtu ambaye hataki kuingia. Na neema ikija haimburuti kwa nywele. Inamponya kutaka kwake, mpaka anakuja mbio na kuona kwamba hajawahi kufanya jambo kwa hiari kama hilo. Ndiyo maana Paulo anaweza kuwaambia Wafilipi watimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, na kutoa sababu ambayo kwa wavuta kamba ingekuwa sababu ya kukaa tu: "Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu." Anatenda ndani ya kutaka, na kutaka kunabaki kuwa kwenu.

Hapa najua unaniuliza kuhusu Farao, kila mtu huniuliza. Ni kweli, Mungu alimwambia Musa mapema kwamba ataufanya mgumu moyo wa Farao. Lakini soma Kutoka taratibu, pigo kwa pigo. Vyura wamejaa nyumbani mwake, kitandani, ndani ya tanuri, ndani ya vyombo vya kukandia unga. Musa anamwambia achague yeye wakati wa kuombewa, ili vyura waondoke. Farao anajibu: "Kesho." Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Angeweza kusema sasa. Vyura wanapokufa na nafuu ikaja, anaufanya moyo wake mzito. Baada ya mainzi, tena. Ni kwenye pigo la majipu, la sita, ndipo masimulizi ya mapigo yanaposema waziwazi kwamba Bwana ndiye aliyeufanya moyo wake kuwa mgumu. Mungu hakuchukua moyo laini akaugeuza jiwe. Alimwachia mtu jambo alilokwisha kulichagua, akalitumia hilohilo kuwatoa watumwa. Hiyo ni hukumu, na inatisha. Lakini si dhuluma.

Kuhusu maovu yenyewe, kipimo changu ni Yusufu. Anawaambia kaka zake, "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Katika Kiebrania kitenzi ni kilekile mara mbili, na Kiswahili chetu kimekitunza vizuri: mlikusudia, alikusudia. Hasemi Mungu aliliona kosa lao baadaye akalitengeneza. Hasemi pia kwamba kwa kuwa Mungu alikusudia, wao hawakukosa. Tendo moja, shimo lilelile na fedha zilezile za wafanyabiashara, lilikuwa na nia mbili ndani yake: yao ya kuangamiza, ya Mungu ya kuokoa. Yakobo, katika waraka wake, anaweka ukuta hapo: Mungu hamjaribu mtu kwa maovu. Namna nia mbili zinavyokaa ndani ya tendo moja bila ya juu kuchafuliwa na ya chini, hapo ndipo ninapovua viatu. Nimewasikia watu wakilieleza jambo hilo mpaka likawa jepesi, na kila mara kilichopotea katika maelezo yao ni kitu ambacho Biblia ilikuwa imekisema.

Makanisa hayakubaliani katika yote haya, na si haki nikufiche. Mtawa wa kale aitwaye Pelagius alipofundisha kwamba mtu anaweza kutii kwa nguvu zake bila neema ya ndani, maaskofu wa Afrika walimkataa huko Karthago mwaka 418. Mwaka 529, huko Orange katika Ufaransa ya leo, maaskofu walikiri kwamba hata mwanzo wa imani ni zawadi, na papo hapo wakamlaani yeyote anayesema Mungu amewapangia watu uovu. Erasmus, msomi Mkatoliki, aliandika kutetea hiari mwaka 1524. Mwaka uliofuata Martin Luther, mwanzilishi wa mageuzi ya Kiprotestanti, alimjibu kwamba hiari ya mtu imefungwa, akamsifu hata hivyo kwa kugusa kiini cha jambo. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547 ulisema hiari imedhoofika lakini haikuzimika. Baada ya kitabu cha Molina, Wajesuiti na Wadominiko, mashirika mawili ya watawa Wakatoliki, walibishana huko Roma kwa karibu miaka kumi, mpaka Papa Paulo wa Tano alipowaambia mwaka 1607 warudi nyumbani, upande mmoja usiuhukumu mwingine. Waholanzi waliomfuata Arminius, mwalimu aliyetetea hiari ya mtu, walitoa hoja zao mwaka 1610, na Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa huko Uholanzi wa mwaka 1618 hadi 1619, ikazikataa. Waorthodoksi kwa upande wao humsikiliza Yohane wa Damasko, mwalimu wa kale wa Kanisa la Mashariki: Mungu anayajua yote tangu awali, lakini hayaamui yote tangu awali. John Wesley na rafiki yake George Whitefield, wahubiri wa Uingereza, walitengana kwa jambo hilihili kuanzia mwaka 1739, na Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri kumkumbuka, kwa heshima na upendo.

Mimi nasimama na Augustino, na karibu na Thoma wa Akwino, mwalimu mkuu Mkatoliki wa karne ya 13, aliyefundisha kwamba Mungu hukisogeza kila kitu kwa jinsi kilivyo: chenye kutenda kwa lazima hukisogeza kwa lazima, chenye kutenda kwa hiari hukisogeza kwa hiari. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, la Waprotestanti ambao wangepingana na Thoma kwa mengi, linasema karibu lilelile: agizo la Mungu haliitendei jeuri hiari ya viumbe. Mambo mawili wanayakubali wote niliowataja, ukimtoa Pelagius: hakuna anayemgeukia Mungu bila Mungu kuanza, na hakuna anayepotea kwa kuwa Mungu alipenda uovu wake. Ukiyashika hayo mawili, unaweza kusali katika kanisa lolote kati ya hayo.

Sasa Yuda. Yesu mwenyewe amelijibu, katika Luka 22: "Mwana wa Adamu aenda zake kama ilivyokusudiwa, lakini, ole wake mtu yule amsalitiye!" Kusudi na ole, tena meza moja. Angalia pia jinsi zile fedha zilivyokuja. Makuhani hawakumtafuta Yuda. Mathayo anasema yeye ndiye aliyewaendea, naye ndiye aliyeulizia bei kwanza: "Ni nini mtakachonipa?" Hakuna mkono uliomsukuma barabarani. Kama ungemsimamisha njiani ukamuuliza kwa nini anakwenda, angekupa sababu zake, na zingekuwa zake. Angeweza kukataa? Hakuna kilichomzuia isipokuwa kwamba hakutaka. Na mpaka usiku ule Yesu alikuwa bado anampa tonge kwa mkono wake.

Lakini mbona huniulizi kuhusu Petro? Usiku uleule, meza ileile, naye alitabiriwa. Kabla jogoo hajawika utanikana mara tatu. Yesu alijua ataanguka, alijua pia atarudi, maana alimwambia atakapoongoka awaimarishe ndugu zake. Anguko limejulikana, kurudi kumejulikana. Katikati ya hayo mawili Yesu anasema nini? "Lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Ameomba. Yeye aliyejua mwisho hakuona kwamba kujua mwisho kunaifanya sala kuwa kazi ya bure. Kurudi kwa Petro kulikuwa na hakika, na sala ya Yesu ilikuwa sehemu ya njia ya kurudi huko.

Basi tuzungumze habari za kaka yako. Yule mzee hakukosea kuamini kwamba Mungu huteua. Paulo anasema hivyo, nami naamini hivyo. Alikosea kujifanya ameiona orodha. Hata Dort, ambako uteule ulitetewa kwa nguvu kuliko popote, waliandika kwamba ahadi ya Injili itangazwe kwa watu wote bila ubaguzi, pamoja na amri ya kutubu na kuamini. Hawakumpa mtu yeyote ruhusa ya kuangalia uso wa mtu aliye hai na kusema huyu hayumo. Uteule katika Maandiko ni neno la kumfariji aliyekwisha kuamini, kwamba alipendwa kabla hajapenda. Ukiligeuza liwe hukumu juu ya jirani, umelitumia kwa kazi ambayo halikupewa.

Mkumbuke pia mama yake Augustino, Monika. Huyu Augustino ninayemtaja kila mara, mwalimu mkuu wa neema, alikuwa kijana aliyeiacha imani ya mama yake akafuata Wamani, wafuasi wa dini ya Mani iliyofundisha kwamba nuru na giza zinapigana, kwa miaka mingi. Mama alilia. Askofu mmoja aliyemwendea, tofauti na mzee wako, alimwambia kwamba mwana wa machozi kama hayo hawezi kupotea. Usiku mmoja, huko pwani ya Karthago, Monika alikesha akiomba mwanawe asisafiri kwenda Italia. Augustino alikuwa amemdanganya. Wakati mama yuko magotini, yeye alipanda merikebu. Asubuhi pwani ilikuwa tupu. Ombi lake la usiku ule lilikataliwa. Lakini Italia ndiko Augustino alikomsikia Ambrosio, askofu wa Milano, na ndiko alikobatizwa mwaka 387. Baadaye aliandika kwamba Mungu hakumpa mama alichoomba usiku ule ili ampe alichokuwa akiomba siku zote. Sikuahidi kwamba kaka yako atarudi kwa njia hiyo, wala lini. Sina mamlaka hayo. Nakuonyesha tu kwamba mtu aliyeandika kuhusu neema kwa uthabiti kuliko wote aliamini amefikiwa kupitia machozi ya mwanamke mmoja.

Anza tena leo, mwanangu, na usianze na maneno makubwa. Taja jina lake. Mwombe Mungu ampe kutaka, kwa sababu hicho ndicho asichoweza kujipa. Kisha mpigie simu, usimhubirie, muulize hali. Hayo yote, sala na simu, yanaweza kuwa ni ile kamba iliyokatwa usiku na mtu ambaye hakujua anashika sehemu gani ya ahadi.

Na kuhusu yule mzee: ni mkubwa wako, usishindane naye. Mwendee kwa adabu, mfungue pamoja Warumi sura ya 9, ile ya mfinyanzi na udongo, ambayo nadhani ndiyo aliyokuwa nayo moyoni aliposema nawe. Mwombe aisome kwa sauti. Mwanzoni ataona Paulo ana huzuni nyingi na uchungu usiokoma kwa ajili ya ndugu zake. Akifika mwisho asifunge Biblia, aendelee mstari mmoja tu, maana Paulo hakuweka kituo pale tunapokiweka sisi. Sura ya 10 inaanza hivi: "Ndugu zangu, nitakayo sana moyoni mwangu, na dua yangu nimwombayo Mungu, ni kwa ajili yao, ili waokolewe." Akimaliza kuusoma, mtajie jina la kaka yako, umwombe apige magoti pamoja nawe.